Kumtafuta babu aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani halafu akafungua duka

Haya jamani, leo hatupiki. Leo namtafuta babu wa ukoo wa mume wangu, mtu wa Massachusetts, alikuwa askari kwenye vita vya 1775 mpaka 1783 halafu akawa muuza duka. Jina silitaji, mama mkwe anaangalia hizi video, shikamoo mama.

Kwanza unarudi nyuma kizazi kwa kizazi, vyeti, sensa, hayo mnayajua. Ila sensa ya 1790 inamtaja mkuu wa kaya tu, mke na watoto wamehesabiwa kama kuku.

Sasa ingia FamilySearch, tovuti ya kutafuta mababu, jisajili bure, tafuta mafaili ya pensheni. Mbona pensheni na sio orodha za jeshi? Kwa sababu ofisi za wizara ya vita ziliungua November 1800, karatasi kibao zikapotea, ila wazee walipokuja kuomba pensheni waliapa mahakamani wakaeleza walipigana wapi na kapteni wao nani. Namba ya faili ikianza na S ni askari mwenyewe, W ni mjane, R alikataliwa. W usiiruke!! Mjane ilibidi athibitishe ndoa, kuna waliochana kurasa za Biblia ya familia wakazituma, na mpaka leo zimo humo.

Ngoja simu imedondoka... mnaniona? Haya.

Hapa ndo napapenda. Sheria ya 1820 iliwataka waliokuwa wanalipwa waorodheshe mali zao waonekane kweli hawana kitu. Huyu wetu kaandika meza, chungu, halafu madeni ya wateja wasiolipa, mstari kwa mstari, yaani Mangi kabisa na daftari lake. Na daftari la duka lenyewe la miaka ya 1780 lipo kwenye jumba la makumbusho la mji wao, ramu, chai, misumari, bei kwa pauni na shilingi. Shilingi jamani!

Sasa sikilizeni. USIPRINTI CHOCHOTE BADO. Majina yanafanana sana, na ukiona Jr (Junior) usidhani ni mtoto wa Sr (Senior), enzi hizo ilikuwa tu mdogo na mkubwa wenye jina moja kwenye mji mmoja, hata kama hawana undugu. Mimi niliprinti, nikaweka fremu, nikampa mama mkwe Krismasi, kumbe yule ni fundi viatu wa mji wa jirani. Narudia, usiprinti. Linganisha saini ya kwenye pensheni na ya kwenye daftari, jina la mke, na kijiji. Na herufi s yao ndefu inafanana na f, Jesse utamsoma Jefse, mimi nilimtafuta huyo Jefse wiki nzima.

Saini zikilingana, haya printi. Chati za ukoo ninazouza zina nafasi ya vizazi 8, nitumieni meseji. Ile fremu ya fundi viatu bado iko sebuleni kwa mama mkwe, anasema ameshamzoea.