Kabla ya Majani, Mafuta: Mazungumzo na Wakandaji wa Kisumu

Hamjambo mama zangu, dada zangu, na wazee wawili mliojitosa humu peke yenu. Nimeshuka kutoka Nakuru jana, na kabla sijasema neno hebu tazameni chupa hii ya mafuta ya nazi. Jana alfajiri ilikuwa imeganda nyeupe, hata ukiipindua hakidondoki kitu. Sasa iko kama maji. Sikuiweka motoni. Nimeileta Kisumu, basi.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Nakuru tuko kwenye mita kama 1,850 juu ya bahari, ninyi mko kwenye 1,130 hivi, na joto la ziwa mnalijua. Mwaka wa kwanza wa biashara yangu ya mafuta ya kukandia nilijaza chupa zenye mdomo mwembamba, nazi tupu na mchaichai, nikazisambaza mwezi wa Julai. Wateja walizirudisha wakidhani nimewauzia mshumaa. Mafuta hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nilisahau kuuliza yanakwenda kukaa wapi.

Wengi wetu huhangaika na majani. Nani ana rozmari nzuri, mkaratusi uchumwe saa ngapi, tangawizi ya wapi ni kali. Kisha mafuta tunanunua yoyote. Pigeni hesabu: ukitia mafuta makali ya mkaratusi kwa kiasi cha kawaida cha asilimia 2, chupa ya mililita 100 ina mililita 2 za mkaratusi. Zile 98 zilizobaki ndizo zinazoingia kwenye mgongo wa mteja, ndizo zinazonuka au kunukia, ndizo zinazochacha.

Nianze na simsim, kwa sababu nyie mnayo mlangoni. Nyim, kwa Kijaluo chenu, naona mnatikisa vichwa. Teso na Busia wanailima, na pale sokoni Kibuye hukosi mtu aliyeitandaza. Mafuta yake yana viini vya asili vinavyoyazuia kuchacha haraka, ndiyo maana India wamekandia simsim kwa karne nyingi. Ni mazito kidogo, mkono hutulia juu ya ngozi bila kuteleza ovyo. Lakini yawe yamekamuliwa kutoka mbegu mbichi. Yale meusi ya supamaketi ya kutilia mchele hutoka kwenye mbegu zilizokaangwa, na mteja atatoka kwako akinukia jikoni.

Alizeti ni mepesi, hayana harufu, bei yake inavumilika. Mimi hutumia sana. Shida yake ni ileile inayoyafanya yawe mepesi: alizeti ya kawaida imejaa aina ya mafuta ambayo hewa huyala upesi. Kwa joto hili la Kisumu, chupa iliyofunguliwa na kuachwa dirishani haina maisha marefu. Utajuaje? Nusa. Yakinuka kama karanga za mwaka jana au kama rangi ya ukuta, mwaga. Usiyafunike kwa karafuu. Nimewahi kujaribu, yakanuka karafuu na ukuta kwa pamoja. Tengeneza kidogo kidogo, weka kwenye chupa ya rangi nyeusi au kahawia, kabatini. Vitamini E kidogo huchelewesha kuchacha, ila haiui ukungu, na hilo watu huchanganya.

Parachichi ni zuri kwa ngozi kavu ya wazee, lakini bei! Mimi huyatia robo tu, nyingine alizeti. Nyonyo, yaani mafuta ya mbarika, ni mazito kama asali. Sehemu moja kwa kumi inatosha, ukizidisha mkono unakwama. Karanga mafuta yake ni mazuri, ila uliza kwanza: kuna watu karanga huwavimbisha. Na kwa mafuta yoyote mapya, paka kidogo ndani ya kiwiko, ngoja siku nzima.

Mafuta ya kupima ya kioski? Mengi ni ya mawese. Hayatakuua, lakini hujui yamekaa kwenye pipa siku ngapi, na kule kwetu yanaganda nusunusu.

Sasa majani. Yawe yamekauka, makavu ya kuvunjika mkononi. Mimi nilitia mchaichai mbichi, baada ya wiki nikaona mapovu na utando wa kijani juu. Maji ya jani ndiyo yaliyoleta ukungu. Kausheni kivulini, tieni kwenye chupa ya kioo, mafuta yafunike majani yote, kisha chupa ikae ndani ya sufuria ya maji moto yasiyochemka, saa mbili au tatu. Chuja kwa kitambaa kikavu. Mafuta yakitoa moshi umeshayaharibu.

Mama pale nyuma ameuliza kama mtoto mchanga anaweza kukandwa kwa mafuta ya mkaratusi. Hapana, mama. Usipake karibu na pua wala kifua chake, yanaweza kumbana pumzi. Mtoto mpe mafuta matupu, nazi safi inatosha, na hapa kwenu haigandi mchana.

Na yule dada aliyeuliza ninachanganya nini kwa Nakuru: alizeti sehemu 6, simsim 3, nyonyo 1. Kwa Kisumu ningegeuza, simsim 6, nazi 3, nyonyo 1, maana joto lenu linataka mafuta yanayovumilia.

Jambo moja kuhusu taulo. Fueni kwa maji moto na sabuni, na zikitoka kwenye jua au pasi msizirundike zikiwa bado na joto. Alizeti iliyobaki kwenye kitambaa hujipasha yenyewe ndani ya rundo, na rundo linaweza kushika moto usiku bila kibiriti. Zitandazeni zipoe kwanza.