Kilifi na Swali la Mwenyeji: Mhadhara Kuhusu Historia ya Jamii za Kaunti Yetu

Waheshimiwa wazee wa kaya, walimu wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza, nawashukuruni.

Kaunti ya Kilifi kama chombo cha utawala ni changa. Ilianza kazi mwaka 2013, wilaya za Kilifi na Malindi zilipounganishwa chini ya Katiba ya 2010, na sensa ya 2019 iliikuta ina watu zaidi ya milioni 1.4. Jamii zake ni za kale mno kuliko mipaka hiyo, na jambo ninalotaka kulieleza leo ni hili: wenyeji wa nchi hii walizoea kumpokea mtu na kumpa mahali pa kulima bila kumwandikia karatasi, kisha ikaja dola iliyomtambua mwenye karatasi peke yake, na wale waliokuwa wakipokea wageni, nao wakageuzwa wageni.

Kati ya jamii tisa za Wamijikenda, saba zina makao yao ya asili hapa kwetu: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe na Warabai. Masimulizi ya wazee yanawatoa Shungwaya, upande wa kaskazini, na kuwaleta hadi kwenye vilima vya nyuma ya pwani, ambako kila jamii ilijenga kaya yake, yaani kijiji chenye ulinzi ndani ya msitu, ikafukia ardhini fingo, kago la kuilinda, ikaweka malango kwenye njia za kuingilia na kuwakabidhi wazee wa kambi, yaani baraza la kaya, kazi ya kuamua mashauri. Katika karne ya 19 familia nyingi zilitoka kayani zikatawanyika kutafuta mashamba na malisho, lakini kaya ilibaki kuwa mahali pa maziko, maombi na viapo. UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ni jambo la heshima, ingawa kwangu mimi thamani yake kubwa zaidi ni kwamba kaya ni ushahidi wa umiliki ulio mkongwe kuliko hati yoyote.

Huku ufukweni, Wamazrui, ukoo wa Kiarabu uliokuwa ukitawala Mombasa mpaka ukaondolewa huko mwaka 1837, walijiimarisha Takaungu, na Malindi, uliokuwa umekaribia kuwa mahame, ukafufuka kuanzia miaka ya 1860 kwa mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Tusilipite jambo hili haraka, kwa sababu wazao wa watumwa hao ni ndugu zetu na majirani zetu. Waliotoroka hawakwenda mbali. Baadhi walijenga vijiji vyao bara, na mashuhuri zaidi kilikuwa Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, kilichoongozwa na David Koi, Mgiriama aliyeingia Ukristo, mpaka alipouawa mwaka 1883. Wengine walikimbilia Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikuwa wameanzisha misheni mwaka 1846. Misheni iliishi kwenye ardhi iliyotolewa na Warabai, kwa hiyo aliyemhifadhi mtoro kwanza alikuwa mzee wa Rabai, kisha ndipo padri. Wenye watumwa walipotishia kuja kuwachukua kwa nguvu, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliwalipa fidia mwaka 1888, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Fedha zilikwenda kwa bwana. Mtoro alipata cheti, na ardhi ya kulima aliendelea kuipata kwa hisani ya jirani yake.

Karatasi ya pili ndiyo iliyotuumiza. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze na kuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Mkulima wa Kimijikenda, ambaye haki yake ilikuwa katika kaburi la babu na mnazi alioupanda baba yake, hakuwa na cha kumwekea karani mezani. Tangu hapo akaitwa skwota kwenye shamba alilozaliwa.

Vita vya Wagiriama tuvisome katika mwanga huo. Mekatilili wa Menza alipozunguka mwaka 1913, akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwaapisha, alikuwa akipinga kodi, kuchukuliwa kwa vijana na kunyang'anywa ardhi yenye rutuba kandokando ya mto Sabaki. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walipelekwa uhamishoni Kisii, nao wakatoroka. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, ikatoza faini ya rupia 100,000 na kuwafukuza watu waliokaa ng'ambo ya kaskazini ya mto wahamie kusini. Kabla ya muongo huo kwisha iliwaruhusu kurudi, kwa maana walikuwa wamekataa kukaa walikopelekwa.

Uhuru haukulifuta tatizo. Katika makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, Kenya iliahidi kuzitambua daima hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja mradi wa makazi wa Magarini, kwa msaada wa Australia, uliokusudia kuzipa viwanja familia 4,000. Walioupanga waliitazama nchi kana kwamba haina watu, na mradi ukashindwa.

Kuna ushahidi mwingine wa umiliki uliokuwa umesimama wazi. Mzee wa chama cha Gohu akifariki, alisimamishiwa kigango: gogo la mti mgumu lenye kichwa cha mviringo, kiwiliwili kikiwa kimechongwa safu za pembetatu, na vipande vya nguo vikifungwa shingoni. Boma lilipohama, kigango hakikuhamishwa. Kilipoibwa na kuuzwa kwa watalii, familia ilipoteza mzee wake na pia alama ya mahali ilipoishi. Vigango viwili vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine vimefuata.

Na leo tunawapoteza hata mashahidi walio hai. Wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Nasema bila kuficha kwamba ni mauaji, na kwamba anayemuua mzee wake anaua pia anayejua mpaka ulipita wapi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa walimu wa historia mliomo humu. Wapeni wanafunzi wenu kazi ya kuandika, kijiji kwa kijiji, maelezo ya wazee juu ya nani alilima wapi, alipokewa na nani, na kaburi la nani liko chini ya mti gani. Yaandikwe kwa jina la mtaa, mto na mti, msimulizi asomewe aliyoyasema na kuyathibitisha, kisha nakala moja ibaki shuleni na nyingine ikabidhiwe wazee wa kaya.