Nyongeza ya Shilingi Kumi: Mhadhara Kuhusu Ushuru wa Sigara

Waheshimiwa viongozi, wahudumu wa afya, wafanyabiashara na ndugu zangu wa Arua,

Nimeombwa nizungumzie kodi ya sigara hapa Uganda kama njia ya kupunguza uvutaji, nami naona heri tuanze na hesabu. Tangu 2017, ushuru wa sigara za ndani zinazofungwa katika pakiti ngumu yenye kifuniko ulikuwa shilingi 80,000 kwa kila sigara 1,000, na za pakiti laini shilingi 55,000. Viwango hivyo havikuguswa hadi 2025, Bunge lilipoongeza shilingi 10,000 kwa kila kimoja. Gawanyeni wenyewe: baada ya miaka minane, sigara moja imeongezewa shilingi 10, kiasi ambacho hakuna mwenye duka mjini humu atakayekuwa na sarafu ya kukurudishia chenji yake.

Ni kweli kwamba mwaka huo huo viwango vya sigara za kutoka nje vilipandishwa maradufu. Lakini kiwanda kikubwa cha sigara cha Jinja kilifungwa tangu 2006, sigara nyingi zikawa zinatoka Kenya, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba kuzitoza sigara za nchi wanachama kama bidhaa za kigeni ni kukiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki; yaani sigara za Kenya nazo zistahili kiwango cha ndani. Ndiyo maana mimi nakitazama zaidi kiwango cha ndani.

Ushuru uliopangwa kwa shilingi, usiofuata mfumuko wa bei, hujipunguza wenyewe kila mwaka bila Bunge kukaa. Sukari ilipanda, nauli ya boda boda ikapanda, ushuru wa sigara ukabaki pale pale. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi ifikie angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja, na linakadiria kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 5 katika nchi zenye kipato kama chetu. Wanaoacha, au wasioanza kabisa, ni vijana na watu wa kipato cha chini kuliko wengine.

Tazameni vibanda vyetu: pakiti imefunguliwa juu ya meza, kiberiti kando yake, kijana ananunua sigara moja na kuiwasha hapo hapo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza kuuza sigara moja moja, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Biashara hiyo inaendelea mchana kweupe. Kwa mnunuzi wa namna hii, nyongeza ya shilingi 10 haipo. Na hata ikimgusa anayenunua pakiti nzima, anahamia pakiti laini, ambayo sheria yenyewe imeitoza kidogo. Sioni sababu ya kiafya ya kuwa na viwango viwili, kwa kuwa mapafu hayajui pakiti ilikuwa ya aina gani.

Utafiti wa kitaifa wa 2013 ulionyesha kwamba asilimia 7.9 ya watu wazima nchini walikuwa wakitumia tumbaku. Idadi hiyo ni ndogo, na wapo wanaoitumia kusema hatuna tatizo. Mimi nasema huu ndio wakati ambao kodi hufanya kazi kwa gharama ndogo, kabla Taasisi ya Saratani pale Mulago haijazidiwa na wagonjwa ambao tungeweza kuwazuia.

Najua ninyi wa mpakani mtaniuliza habari ya magendo, na swali ni la haki. Afrika Kusini ilipandisha kodi kuanzia miaka ya 1990 na uvutaji ukashuka sana. Magendo yalikuja kushamiri baadaye, mamlaka ya mapato ilipodhoofika, wakati kodi haikuwa ikipanda kwa kasi. Sisi tuna stempu za kidijitali, zinazobandikwa kwenye pakiti kuonyesha kwamba kodi imelipwa, tangu 2019, lakini stempu isiyokaguliwa dukani ni karatasi tu.

Kwa wakulima wa tumbaku wa West Nile: ushuru huu unatozwa sigara zinazouzwa nchini, wakati sehemu kubwa ya jani lenu huuzwa nje. Anayewaambia kwamba ushuru ukipanda mtakosa soko, mwombeni awaonyeshe hesabu yake. Ombi langu kwa wabunge wetu ni kiwango kimoja kwa pakiti zote, kinachopandishwa kila mwaka kuzidi mfumuko wa bei, na kiandikwe ndani ya sheria yenyewe ili kisisubiri miaka minane mingine.