Kilo 986: Gari Jepesi na Mkono wa Dereva

Mwangaluka! Asanteni. Wazee wangu, mafundi wenzangu wa Isevya na Ng'ambo hapa Tabora, nanyi vijana mliokuja na ovaroli moja kwa moja kutoka karakana, karibuni.

Mezani hapa nimeweka pistoni mbili, vile vyuma vinavyopanda na kushuka ndani ya silinda za injini. Hii ndogo imetoka kwenye Toyota IST. Hii kubwa imetoka kwenye lori lililokuwa likibeba tumbaku. Nazipitisha kwenu wakati naongea. Kila mtu aipime kwa kiganja kabla ya kumpa mwenzake, nitazirudia.

Gari tunalolizungumzia leo linaitwa T.50, limebuniwa na Gordon Murray na kuzinduliwa Uingereza tarehe 4 Agosti 2020. Murray alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1946. Akasomea uhandisi wa mitambo hukohuko Durban, akajiundia gari la mashindano, akalikimbiza mwenyewe mwaka 1967 na 1968, ndipo akavuka kwenda Uingereza. Baadaye akabuni McLaren F1, lile gari la viti vitatu ambalo dereva anakaa katikati, lililofikia kilomita 386 kwa saa mwaka 1998. Yalitengenezwa 106 tu. Kwa hiyo aliposema anatengeneza jingine la viti vitatu, wapenzi wa magari walikuwa wameshakaa mkao wa kula.

Na walipoliona, wengi walifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka mingi. Hawakuanza kuuliza linakwenda kasi gani. Walishangilia pedali tatu. Walishangilia mkono wa gia, gia sita. Injini ya silinda 12 isiyo na turbo ya kuisukumia hewa wala mota ya umeme ya kuisaidia kusukuma. Mshale wa kuhesabu mizunguko ya injini, mshale wa kweli unaozunguka mbele ya macho ya dereva. Na zaidi ya yote, walishangilia uzito: kilo 986.

Hebu tuiweke Tabora namba hiyo. IST zilizojaa mitaani kwetu zina uzito wa karibu tani moja. Huyu bwana amechukua injini ya lita nne yenye nguvu za farasi zaidi ya 650, akaiweka kwenye gari lenye uzito wa IST. Land Cruiser nyingi za hapa zinapita tani mbili.

Uzito una tabia ya kuzaa uzito. Gari likiwa zito linataka injini kubwa. Injini kubwa inataka rejeta kubwa na giaboksi nene. Sasa breki lazima ziwe kubwa, tairi pana, springi ngumu, na kila kimoja kimeongeza kilo zake. Unarudi mwanzo, unataka injini kubwa zaidi. Murray ameukata mnyororo huo kutoka upande wa pili. Injini yake, iliyotengenezwa na Cosworth, ina kilo 178. Giaboksi kilo 80 na nusu. Bodi ni ya nyuzi za kaboni. Ukitaka kujua faida yake, fikiria breki: gari la tani mbili na la tani moja yakiwa katika mwendo uleule, breki za lile zito zinabeba joto mara mbili ili lisimame. Aliyewahi kushuka mlima na lori akasikia harufu ya breki anaelewa bila kuandikiwa ubaoni.

Pistoni zimefika wapi? Safu ya tatu, vizuri. Injini ya T.50 inafika mizunguko 12,100 kwa dakika. Ni mizunguko 200 na ushee kwa sekunde moja. Katika kila mzunguko pistoni inasimama mara mbili, juu na chini, halafu inageuka. Zaidi ya mara 400 kwa sekunde! Sasa iangalie hiyo ya lori mkononi mwako, ujiulize ni nguvu gani ingehitajika kuisimamisha na kuigeuza mara 400 kwa sekunde. Ingeng'oa koneti-rodi, ile fimbo inayoishika pistoni kwa chini, ikatoboa bloku. Ndiyo maana koneti-rodi za injini hii ni za titani, na pistoni inatembea milimita 63.8 tu wakati silinda ina upana wa milimita 81.5. Fupi na pana. Ukikanyaga, injini inaitika palepale, maana hakuna turbo ya kusubiri moshi uje kuizungusha.

Wapenzi wa gari hili wanalisifu kwamba ni la analojia. Neno hilo mnalikumbuka kutoka kwenye televisheni, Dar es Salaam walipoanza kuzima mitambo yake tarehe 31 Desemba 2012. Tukabaki tunadhani analojia maana yake ni kitu kilichopitwa na wakati. Kwenye gari maana yake ni nyingine, na mimi nilifundishwa nikiwa utingo. Tulikuwa tunatoka Urambo masika na Land Rover 109, klachi ikafa. Pedali ililala chini kama kitambaa. Mzee dereva hakufungua hata boneti. Aliweka gia ya kwanza, akapiga stata, gari likaondoka kwa kurukaruka. Kisha akachukua kiganja changu akakiweka juu ya mkono wa gia. Ulikuwa unatetemeka. Akainua mguu kidogo, sauti ya injini ikashuka, na nikahisi ule mtetemo unatulia, kama mtu aliyekubali. "Sasa," akasema, na gia ya pili ikaingia bila kelele. Tulifika Tabora hivyo. Mpaka leo kiganja changu kinaujua ule utulivu.

Hicho ndicho wanachokililia wapenzi wa T.50. Mwaka juzi gari la mteja wangu, jipya kabisa, lilikaa chini ya mwembe wangu wiki tatu kwa sababu ya sensa moja, kile kihisi cha umeme, iliyokataa gia itoke kwenye kuegesha. Injini nzima, giaboksi nzima, na mimi fundi wa miaka 30 sina pa kuweka mkono. Iliniuma. Lakini niseme ukweli: T.50 nalo lina kompyuta, lina breki za ABS, zile zinazozuia tairi kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Murray hakuzitupa. Alichokilinda ni pale mkono na mguu wa dereva vinapokutana na chuma, pasiwe na mtu wa kati.

Waliobisha walibishia feni ya nyuma, yenye upana wa milimita 400. Wengine waliiona ni pambo. Mwaka 1978 Murray aliweka feni kwenye gari la Brabham, timu ya mashindano ya Formula One, dereva Niki Lauda akashinda nalo Sweden, na halikushindana tena. Ile ya zamani ilifyonza hewa yote chini ya gari likagandamana na barabara. Hii inafanya kazi ya akili zaidi. Sakafu ya gari kwa nyuma imekunjwa kwenda juu ghafla, na hewa haipendi kona kali, inaachia sakafu na kuvurugika. Feni inaivuta ile hewa iliyochoka inayogusa sakafu, ili inayofuata ishike njia. Kwa hiyo hakuna haja ya kubandika bawa kubwa mgongoni.

Malalamiko yaliyonigusa ni ya bei na idadi. Magari 100 tu, kila moja zaidi ya pauni milioni mbili kabla ya kodi. Wanaogopa mengi yatafungiwa kwenye gereji yasionekane barabarani, na mimi naogopa pamoja nao. Gari lisilotembea mpira wa sili unakauka, mafuta yanaganda kwenye njia zake, tairi zinaota bapa upande mmoja. Kila fundi hapa amewahi kuletewa gari la namna hiyo likivutwa kwa kamba.

Pistoni zimerudi, asanteni. Nje, chini ya ule mwembe wa kwanza, kuna Land Rover 109 imewashwa, nimemwomba kijana akae nayo. Tutatoka wanne wanne. Weka kiganja juu ya mkono wa gia, usiushike kwa nguvu, na atakapoinua mguu uniambie umesikia nini.