Kwani Huko Israeli Ni Sikukuu Kila Siku?

Haya, hamjambo. Naongea chini chini kwa sababu leo Jumamosi na nyanya yuko chumba cha pili. Nimekuja kujibu lile swali lenu: "Dada, huko mnalipwa kwa kula sikukuu?" Nikijibu mtasema naringa, nikinyamaza mtasema nimesota.

Ninayemtunza ana miaka 80 na ushee, namwita savta, yaani nyanya, na dini ameishika kweli. Ijumaa jua likikaribia kuzama anawasha mishumaa miwili, anaziba macho kwa viganja, Shabati, siku yao takatifu ya kupumzika, imeingia. Siku yao huanza magharibi, kama wazee wetu wa mwambao wanavyohesabu. Tunapopishana ni kwamba sisi siku hiyo tunaiita Jumamosi, ya kwanza. Kwao ndiyo ya saba.

Basi kwake kuwasha umeme ni kazi iliyokatazwa, hagusi swichi mpaka nyota zitoke kesho yake. Wala haniagizi mimi. Kuna jioni ameshika kitabu chake cha sala, akasema kama anayeongea na ukuta, "Humu ndani giza." Nikaitikia, "Kweli, savta, giza." Nikaendelea kukunja nguo. Dakika kumi nzima! Binti yake ndiye aliyekuja kunieleza kwamba pale nilikuwa naombwa niwashe taa. Kwa hiyo anayepumzika ni yeye, mimi niko zamu.

Na msiniambie nalalamika, ila mwaka 2025 hizo sikukuu zilinitoa jasho. Rosh Hashana, mwaka mpya wao, iliingia jioni ya tarehe 22 Septemba. Ikaja Yom Kippur, siku yao ya toba, wanafunga saa 25 bila hata maji, ndege hazitui, watoto wanaendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Hujakaa sawa, Sukkot, watu wanakula kwenye vibanda, sikukuu zikaja kuisha tarehe 14 Oktoba. Viza yangu inaisha papo hapo katikati. Kila nikimpigia ajenti, jibu ni moja: "aharei hahagim", baada ya sikukuu. Lakini ada yake aliichukua kabla ya sikukuu, hiyo haikungoja!

Huku kitinda mimba wetu karudishwa nyumbani kwa karo, na ofisi ninayotumia kutuma pesa imefungwa. Nikaandikiwa, "Kwenu kila siku sherehe, karo itakosaje?" Aliyeandika anajijua.

Pasaka yao, ambayo kitu kilichoumuka hakitakiwi ndani, ndiyo sitaki kuizungumza. Nilisugua jikoni wiki mbili kuondoa kila chembe ya mkate, kisha kipande cha mandazi kikapatikana mfukoni mwa koti langu.

Lakini haya ni ya nyumba hii tu. Mwenzangu yuko Tel Aviv kwa mzee asiyeshika lolote, Shabati wanatazama mpira. Ukiwa unakuja, uliza hiyo familia inashika dini kiasi gani kabla hujatia sahihi. Mimi ningeuliza, wewe fanya unavyoona.

Ngoja kidogo... Anasema leo kuna joto sana. Naenda kuwasha feni.