Bahari, Nembo na Sauti Isiyo na Mwenyewe: Dini Ndani ya Matangazo ya Kumchafua Mpinzani

ATUPELE: Ndaga, msikilizaji wetu wa Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu, Makambako na Mafinga. Leo tunachambua matangazo ya kampeni yanayompaka mpinzani matope kwa kutumia dini, hasa yale yasiyosema waziwazi. Kaka Gwakisa, tuanze na lile la Marekani la 2008.

GWAKISA: Tarehe 1 Agosti 2008 kampeni ya John McCain, mgombea urais wa Republican, iliweka mtandaoni tangazo dhidi ya mpinzani wake Barack Obama, likiitwa The One. Lina urefu wa dakika moja na ushei. Msimulizi anaongea kama nabii: mwaka huu dunia itabarikiwa. Vinafuata vipande vya hotuba za Obama mwenyewe, kikiwemo cha Juni 2008 aliposema vizazi vijavyo vitakumbuka kwamba huo ndio wakati bahari ilipoanza kupunguza kasi ya kupanda. Halafu anatokea Charlton Heston, Musa wa ile sinema ya 1956, anagawanya bahari, na nembo ya Obama inapanda kutoka kwenye maji. Tangazo linamalizia kwa kuuliza kama mtu huyu yuko tayari kuongoza.

ATUPELE: Asiyeshinda kanisani anaona kejeli tu: bwana huyu anajiona masihi.

GWAKISA: Na kampeni ya McCain ilijitetea hivyo hivyo, kwamba ni utani. Lakini mfikirie muumini anayeijua Ufunuo 13, mnyama atokaye baharini, ambaye wengi wanamsoma kama mpinga-Kristo. Ongeza riwaya za siku za mwisho za LaHaye na Jenkins, ya kwanza ilitoka 1995 na mfululizo wake umeuzwa mamilioni ya nakala. Mpinga-Kristo wa humo ni mwanasiasa kijana, anaongea vizuri, mataifa yanamshangilia. Wachambuzi kadhaa walisema msomaji wa riwaya hizo hahitaji kutajiwa jina.

ATUPELE: Hapo nakupinga kidogo. Musa ni mtumishi wa Mungu. Tunapataje mnyama kwenye fimbo ya Musa?

GWAKISA: Pingamizi lako lina uzito, na ndiyo maana napima kwa maswali matatu. Alama ipo kweli kwenye skrini? Lipo kundi la watu wanaoisoma kwa maana ya pekee? Na je, ukiiondoa, hoja ya wazi inabaki nzima? Kwenye tangazo hili mawili ya kwanza yanajibika. La tatu ndilo lenye ubishi, kwa sababu bahari iliingia kupitia maneno ya Obama mwenyewe, kwa hiyo ina kazi ndani ya kejeli. Hukumu yangu: kejeli ya masihi ni hakika. Mpinga-Kristo ni usomaji unaowezekana, lakini nia haijathibitishwa.

ATUPELE: Sasa tuje kwenye lile ambalo halina ubishi kabisa. North Carolina, Oktoba 2008, Seneta Elizabeth Dole akitetea kiti chake dhidi ya Kay Hagan.

GWAKISA: Hilo lifundishwe darasani. Hoja yake ya wazi ni kwamba Hagan alihudhuria harambee ya kisiasa nyumbani kwa mtu mwenye uhusiano na kundi la wasioamini Mungu. Hilo lina chembe ya ukweli, harambee ilikuwepo. Lakini angalia sekunde za mwisho. Picha ya Hagan imejaa skrini, na hapo hapo sauti ya mwanamke inasema, "Hakuna Mungu." Sauti si ya Hagan, ila tangazo halisemi ni ya nani.

ATUPELE: Uongo wenyewe hauko kwenye neno wala kwenye picha.

GWAKISA: Uko kwenye mshono. Picha ni halali, sauti ni ya mtu mwingine, ila vimewekwa pamoja ili akili ya mtazamaji iviunge yenyewe. Hagan alikuwa mzee wa kanisa la Presbyterian na aliwahi kufundisha Shule ya Jumapili. Alijibu haraka kwa tangazo lake, akafungua kesi ya kashfa, na Novemba 4 akamshinda Dole.

ATUPELE: Wasikilizaji, mshono huo mtakutana nao sana kwenye klipu za simu. Kaka, eleza namna ya kuupasua.

GWAKISA: Nahitaji kama dakika ishirini kwa klipu ya sekunde thelathini. Kwanza iangalie bila sauti, andika kila kitu kinachoonekana: rangi, ishara ya mkono, msalaba, nyoka, aina ya herufi, kilichoko nyuma ya mgombea. Pili geuza simu kifudifudi usikilize tu: nani anaongea, wimbo gani, mapigo ya kwaya gani. Watu wengi wanaruka hatua hii ya pili, na ndipo wanapopigwa, maana wimbo wa kwaya unapita bila kuombwa kitambulisho. Tatu unganisha orodha mbili na utie alama kila mahali sauti na picha zinapokutana lakini chanzo chake ni tofauti.

ATUPELE: Na vile vinavyopita haraka jicho lisivishike?

GWAKISA: Tumia kompyuta. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi E, video inasogea fremu moja moja, yaani picha moja moja. Kwenye YouTube simamisha kwanza, kisha tumia kitufe cha nukta kwenda mbele na cha mkato kurudi nyuma. Mwaka 2000 kwenye tangazo la upande wa George W. Bush neno RATS, yaani panya, lilionekana peke yake kwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde, likiwa kipande cha neno refu linalomaanisha warasimu. Hiyo ni fremu moja tu. Bush alisema haikukusudiwa.

ATUPELE: Hatua ya nne naipenda mimi: andika fumbo kwa sentensi kavu. "Tangazo hili linadai fulani ni mpinga-Kristo." "Linadai fulani hamwamini Mungu." Kisha uliza kama mgombea aliyelipia angethubutu kuisema hadharani pale uwanja wa Sokoine, watu wamejaa, kipaza sauti mkononi. Kama asingethubutu, umejua kwa nini ilifichwa.

GWAKISA: Na wanaothubutu huwa wanaumia. Jimbo la Kentucky, Marekani, 2010, mgombea useneta Jack Conway alirusha tangazo likihoji waziwazi imani ya mpinzani wake Rand Paul kwa mambo ya ujana wake chuoni. Likamgeukia, hata watu wa chama chake wakalilaani, na Paul akashinda.

ATUPELE: Tuseme pia kwamba si kila lugha ya ndani ya kanisa ni tusi. Januari 2003 Bush alihutubia Bunge akachomeka maneno ya tenzi ya 1899 inayosifu nguvu ya damu ya Yesu, ila yeye akasema nguvu hiyo imo katika wema na imani ya Wamarekani. Waumini walitambua, wengine walipita tu. Hapo alijitambulisha kwa watu wake, hakumchafua mtu.

GWAKISA: Tofauti hiyo tuishike, maana kosa kubwa la wachambuzi wa mitandaoni ni kuona 666 kwenye kila kitu. Kwetu ni lile la Freemason. Mgombea akikunja vidole vibaya kwenye picha, jioni ameshaitwa mwanachama. Huyo anayedai anafichua fumbo ndiye anayelitunga.

ATUPELE: Tanzania tuna historia yetu. CUF imebandikwa Uislamu kwa miaka mingi. Mwaka 2010 CHADEMA ilipomsimamisha Dk. Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa padri, mjadala wa udini ulipamba moto. Wakati Katiba, ibara ya 20, inazuia kusajili chama kinachokusudia kukuza maslahi ya dini fulani.

GWAKISA: Kwa hiyo hapa wanaotaka kutumia dini wanalazimika kufumba. Na nyanda za juu kusini mafumbo yanaeleweka upesi, Wamoravian na Walutheri wapo Rungwe tangu 1891, Iringa kuna Tosamaganga ya Wakatoliki. Nitoe mfano wa kubuni: klipu inamwita mgombea "Yule wa vipande thelathini". Hakuna jina la Yuda, hakuna tuhuma ya rushwa ya kushtakiwa nayo, na kila mama wa kwaya ameelewa.

ATUPELE: Sasa klipu hiyo imeingia kwenye grupu la kikoba saa tatu usiku. Afanye nini?

GWAKISA: Asiisambaze, hata kwa kuilaani. Tangazo la kampeni ya urais ya Lyndon Johnson wa Marekani la Septemba 7, 1964, la binti mdogo anayehesabu petali za ua kisha bomu la nyuklia linalipuka, lililipiwa kurushwa mara moja tu, lakini taarifa za habari zilizolilalamikia ndizo zilizolirudia. Pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, usijiingize matatani. Ielezee kwa maandishi: inaonyesha nini, inadai nini, ukweli ni upi.

ATUPELE: Ukweli uje kwanza, dai lifuate, tena mara moja. Ukianza na "si kweli kwamba fulani ni Freemason", kinachobaki kichwani ni Freemason.

GWAKISA: Halafu ihifadhi. Piga picha ya skrini ikionyesha tarehe, saa na namba iliyotuma, na usiikate klipu, maana iliyokatwa inapoteza mshono uliotaka kuuonyesha. Mpelekee mgombea aliyechafuliwa au chama chake. Vyama husaini maadili ya uchaguzi, na malalamiko hupelekwa kwa maandishi Kamati ya Maadili, kuanzia ngazi ya kata.

ATUPELE: Wapeleke mapema. Klipu inayotoka siku mbili kabla ya kura imepangiwa siku hiyo makusudi, ili jibu lifike watu wameshapiga kura.