Sahani ya Shangazi: Kufuli za Filamu Zinamfungia Nani?

SALMA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu. Kaka Juma, wiki iliyopita uliahidi kutuletea lile kasha la DVD ulilotumiwa na shangazi yako kutoka Ujerumani.

JUMA: Hili hapa, dada Salma. Ukiligeuza utaona kichoro cha dunia chenye namba 2, ambayo ni kanda, yaani sehemu ya dunia ambako DVD hii inaruhusiwa kuchezwa: Ulaya Magharibi, Japani na Mashariki ya Kati. Tanzania na Kenya tumepangwa kanda namba 5, pamoja na India na Urusi. Nilipoitia kwenye deki, ilizunguka kidogo, ikaandika kuwa kanda hairuhusiwi, kisha ikaitema. Nami nina risiti ya dukani!

SALMA: Wala si sheria ya nchi iliyoikataza deki yako. Filamu za DVD husimbwa, yaani hufichwa kwa msimbo, kwa mfumo uitwao CSS, na kiwanda kinachotaka funguo za kuusimbua ni lazima kisaini leseni, ambayo ndani yake kuna sharti la kukagua kanda. Kwenye kompyuta, diski draivu zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 humruhusu mtumiaji kubadili kanda mara 5 tu, kisha hujifunga.

JUMA: Kinachonikera ni kwamba DVD za kuchoma zilizokuwa zikipangwa juu ya turubai mitaani hazikuwa na kanda wala usimbaji, kwa hiyo zilicheza kwenye deki yoyote. Aliyesumbuka ni aliyelipa.

SALMA: Hata usimbaji wenyewe, wenye ufunguo mfupi wa biti 40, haukudumu. Mwaka 1999 ilisambaa programu ya DeCSS, iliyoufungua usimbaji huo, na kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati huo, akashtakiwa kwa ajili yake. Aliachiwa huru Januari 2003, na tena katika rufaa Desemba mwaka huohuo, kwa kuwa mahakama iliona kwamba aliyenunua sahani yake ya DVD kihalali ana haki ya kuitazama. Marekani ilishika njia nyingine: sheria yake ya hakimiliki, DMCA, ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli lenyewe.

JUMA: Lakini deki zenyewe zinapotea.

SALMA: Kufuli limehamia kwenye kivinjari. Septemba 2017, W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti, kilipitisha EME, njia ya kivinjari kuzungumza na programu ya kusimbua video. Taasisi ya EFF, inayotetea haki za watumiaji wa mtandao na iliyotaka watafiti wa usalama wakingwe dhidi ya mashtaka, ilijitoa W3C siku hiyohiyo. Ndiyo maana simu yenye Widevine, kufuli la video la Google, ya ngazi ya chini kabisa, L3, mara nyingi huonyeshwa picha ya ubora wa chini, ingawa mwenye simu amelipa ada kamili.

JUMA: Tusimsahau mtengenezaji, dada, kwa maana naye ametia mtaji wake.

SALMA: Nakubali, na kwa kinachokodishwa kwa mwezi sina ugomvi na kufuli. Ugomvi wangu ni pale mtu anapoambiwa ameuziwa. Sasa hiyo sahani umeifanyaje?

JUMA: Fundi alibonyeza tarakimu kadhaa kwenye rimoti, menyu iliyofichwa ikafunguka, na deki ikakubali kanda zote. Tumeitazama familia nzima mpaka mwisho, ila ni Kijerumani kitupu.